Unataka kurusha droni juu ya shamba la jirani? Piga hodi kwanza

Droni ndogo za kamera siku hizi ziko kila mahali. Utaziona harusini, kwenye mazishi, kwenye mikutano ya siasa, na mikononi mwa kijana aliyejinunulia moja ili apige video za kijiji chao aziweke TikTok. Inapaa kwa sekunde chache, inavuma kama nyuki waliochokozwa, halafu inasimama hewani juu ya paa la mtu.

Yule aliye chini hajui ni ya nani wala inatafuta nini. Anachojua ni kwamba kuna kamera juu ya ua wake, na aliyeituma hakupiga hodi.

Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Mwenye droni anasema, "Sijakanyaga shamba lako, hewa ni ya Mungu." Mwenye shamba naye ameshaokota jiwe. Kila mmoja anaamini sheria iko upande wake, na wote wawili wanaweza kujikuta kituo cha polisi.

Hivi ndivyo sheria za Kenya zinavyosema kuhusu jambo hili, na pale zinaponyamaza, hivi ndivyo ustaarabu unavyotaka.

Usajili kwanza

Droni Kenya zinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA, chini ya Kanuni za Ndege Zisizo na Rubani za mwaka 2020. Kisheria, droni ni ndege. Haijalishi kwamba inaingia kwenye mkoba wa shule.

Kanuni hizo zinataka droni isajiliwe, na mtu binafsi anayeimiliki awe ametimiza miaka 18. Anayeingiza droni nchini anatakiwa awe na kibali cha KCAA kabla mzigo haujafika. Wengi hupuuza hatua hii, kisha wanashangaa droni yao ikizuiliwa na watu wa forodha uwanja wa ndege.

Kuna wanaosema droni ya chini ya gramu 250 haina haja ya kusajiliwa. Hiyo ni sheria ya Marekani kwa droni za burudani, ndiyo maana watengenezaji wengi wanaandika "gramu 249" kwenye boksi. Kenya ina kanuni zake. Hata kama yako ni nyepesi, iulizie KCAA kabla ya kuirusha, si baada ya kukamatwa.

Namba tatu za kukumbuka

Kuna namba tatu ambazo mrushaji yeyote anafaa kuzijua kwa kichwa.

Ya kwanza ni futi 400, yaani kama mita 122. Huo ndio urefu wa juu kabisa kutoka ardhini. Ukipita hapo unaanza kuingia kwenye njia za helikopta na ndege ndogo.

Ya pili ni mita 50. Droni haitakiwi kukaribia zaidi ya hapo mtu, gari au jengo ambalo haliko chini ya usimamizi wa mrushaji.

Ya tatu ni kilomita 7 hadi 10 kutoka uwanja wa ndege, kulingana na ukubwa wa uwanja wenyewe. Ndani ya eneo hilo hurushi bila idhini.

Hii ya tatu inawakamata wengi bila wao kujua. Ukihesabu kilomita 7 tu kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, umeshazoa katikati ya jiji, Kibera, Lang'ata na South C. Pale Lamu, uwanja wa ndege uko ng'ambo tu ya mkondo, kisiwani Manda, kwa hiyo mji wote wa kale uko ndani ya eneo hilo.

Zaidi ya hapo, droni inarushwa mchana, hali ya hewa ikiwa nzuri, na mrushaji akiwa anaiona kwa macho yake. Kuitazama kwenye skrini ya simu peke yake hakutoshi. Mbuga za wanyama zinahitaji idhini ya shirika la KWS, na kambi za jeshi na maeneo mengine ya usalama si mahali pa kuchezea.

Plot ya hamsini kwa mia haitoshi

Watu wengi hudhani wakiwa ndani ya kiwanja chao wako huru. Hebu tupige hesabu.

Plot ya kawaida mjini ni futi 50 kwa 100. Hiyo ni kama mita 15 kwa 30. Ukisimama katikati kabisa, mpaka wa jirani wa kushoto uko mita saba na nusu kutoka ulipo, na wa kulia vilevile. Droni ikipaa kutoka hapo, nyumba za majirani wote zimo ndani ya zile mita 50.

Ekari moja je? Kama umbo lake ni mraba, kila upande una kama mita 64. Ukiwa katikati, umebakiwa na mita 32 tu kila upande.

Ili upate mita 50 safi pande zote nne ukiwa ndani ya ardhi yako, unahitaji eneo la mita 100 kwa 100. Hiyo ni hekta moja, karibu ekari mbili na nusu.

Mtu anaweza kusema, "Mimi nitaipandisha juu sana." Sawa, lakini kabla ya kufika juu lazima ipite chini. Inapaa ikiwa karibu na dirisha la jirani, na inatua ikiwa karibu na dirisha hilohilo.

Kwa hiyo kwenye mitaa iliyobanana, jibu ni fupi: usirushe hapo. Tafuta uwanja mpana, shamba lililovunwa au ardhi ya mtu aliyekukubalia, mbali na nyumba na barabara.

Hewa iliyo juu ya shamba ni ya nani?

Hili ndilo swali linalozua kelele nyingi, na watu wanashangaa wakisikia kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 imeligusa. Kifungu cha 260, kinapoeleza maana ya "ardhi", kinajumuisha pia anga iliyo juu ya ardhi hiyo.

Je, ina maana mwenye shamba anamiliki hewa mpaka mwezini? Hapana. Ingekuwa hivyo, kila ndege inayotoka Nairobi kwenda Kisumu ingedaiwa ada na maelfu ya wenye mashamba.

Mahakama za nchi nyingine zilishakutana na swali hili, na majibu yao yanasaidia kuelewa jambo lilivyo.

Marekani, mkulima mmoja wa kuku aitwaye Thomas Causby alikuwa na shamba karibu na uwanja wa ndege huko Greensboro, North Carolina. Wakati wa vita vya pili vya dunia, ndege za kijeshi zilikuwa zikipita futi 83 tu juu ya shamba lake, kama mita 25. Kuku waliingiwa na hofu, wakawa wanaruka na kujigonga ukutani. Walikufa kama 150, na biashara ikafungwa. Mwaka 1946, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa wazo la zamani kwamba mwenye ardhi anamiliki anga yote, lakini ikasema anayo haki juu ya ile hewa ya karibu anayoihitaji ili kuitumia ardhi yake. Causby akashinda.

Uingereza, Lord Bernstein alishtaki kampuni iliyopiga picha ya nyumba yake kutoka kwenye ndege kisha ikataka kumuuzia. Uamuzi ulitolewa mwaka 1977, na akashindwa. Jaji alisema haki ya mwenye ardhi inafika kwenye urefu unaohitajika kwa matumizi ya kawaida ya ardhi na majengo yake, na ndege ile haikumwingilia. Lakini alionya: mtu akimulikwa kutoka angani kila mara, kila anachofanya kikipigwa picha, hiyo inaweza kuwa kesi nyingine kabisa.

Hizo si hukumu za Kenya. Hata hivyo sheria yetu ina mizizi ya Kiingereza, na mawakili hapa huzitaja hukumu za namna hiyo. Kuna jambo moja la kuzingatia pia: zile mita 25 zilizoua kuku wa Causby ndio urefu ambao droni nyingi za burudani hupendwa kurushwa, kwa sababu picha inatoka vizuri.

Kwa lugha rahisi, kupita juu, mara moja, kwa urefu wa maana, ni jambo moja. Kushuka na kuelea juu ya ua wa mtu ni jambo lingine.

Kesi kubwa iko kwenye kamera

Mara nyingi kinachomuudhi mtu si ile mashine. Ni kile inachokiona.

Fikiria nyumba ya kijijini yenye bafu la nje lisilo na paa. Fikiria mama anayeanua nguo akiwa na leso tu kifuani. Fikiria nyumba za kale za Lamu na Mombasa, zilizojengwa kwa kuta ndefu na ua wa ndani ili wanawake wa nyumbani wakae bila kujifunika na bila kuonwa na mpita njia. Ukuta ule umelinda stara ya familia kwa miaka na miaka. Droni inauruka kwa dakika moja.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha. Kanuni za droni nazo zinamtaka mwenye kamera aitumie kwa namna inayoheshimu faragha ya wengine.

Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sheria hii haikugusi kwa video unazopiga kwa mambo yako binafsi ya nyumbani tu. Lakini ukishaiweka mtandaoni, au ukiitumia kwenye biashara, na watu wanatambulika, hali inabadilika.

Si mzaha. Mwaka 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ukumbi mmoja wa burudani Nairobi ulitozwa Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Picha kupigwa kutoka angani hakuifanyi kuwa halali zaidi.

Hodi ya droni inapigwa na mwenye droni

Sheria haiwezi kusema kila kitu. Unaweza kutimiza namba zote hapo juu na bado ukaharibu ujirani wa miaka 20.

Kijijini, mgeni haingii boma la mtu moja kwa moja. Anasimama nje, anabisha hodi, anangoja karibu. Droni haina mdomo, kwa hiyo mwenyewe ndiye anayetakiwa kuibishia hodi, na mapema.

Hivi ndivyo wanaojua hufanya:

• Nenda mwenyewe, siku moja kabla. Usitume ujumbe wa simu kwa mzee wa miaka 70. Msalimie, mweleze utarusha saa ngapi, kwa dakika ngapi na unapiga picha ya nini. Mwachie namba yako.

• Ongea na anayeishi hapo. Hati inaweza kuwa ya mtu aliye Nairobi, lakini atakayeshtuka ni mpangaji au mlinzi wa shamba.

• Mwonyeshe skrini. Mtu akishaona kwamba unapiga mlima na mto, wala si jikoni kwake, wasiwasi unapungua. Na akikuambia "usipite upande ule," usiulize kwa nini.

• Chagua saa. Usirushe wakati wa ibada, wakati wa mazishi ya jirani, wala alfajiri watu wakiwa wamelala.

• Washa kurekodi ukishavuka makazi. Hakuna haja ya kurekodi paa za watu ukiwa njiani kwenda kupiga picha ya maporomoko ya maji.

• Kabla ya kuchapisha, angalia nani anaonekana. Uso, namba ya gari, mtoto anayeoga kwenye beseni. Kata kipande hicho. Mtu akikuomba ufute, futa akiwa anaona.

• Mtumie video. Wenye mashamba wengi hawajawahi kuiona ardhi yao kutoka juu, na mara nyingi huo ndio mwanzo wa kukaribishwa tena.

Na watoto? Watakuja mbio, tena wengi. Mapanga ya droni yanazunguka kwa kasi ya kukata kidole. Mweke mtu mmoja wa kuwazuia nyuma wakati wa kupaa na kutua. Kama huna mtu huyo, usirushe.

Mifugo haijui kwamba ni mchezo

Sauti ya droni huwatisha wanyama kuliko watu wanavyodhani. Kenya na Tanzania, droni zimetumika kuwafukuza tembo wanaovamia mashamba. Tembo wa tani kadhaa anasikia mvumo ule anageuka na kukimbia.

Kama tembo anakimbia, usitarajie ng'ombe mwenye mimba atulie. Mbuzi huvunja ua, punda hukata kamba na kuku hutoka kwenye mayai. Kama mnyama akivunjika mguu, atakayedaiwa anajulikana.

Kaa mbali na zizi, usiwafuate wanyama ili wakimbie ndiyo video ipendeze, na usirushe wakati wa kukamua. Ukiona kundi limeinua vichwa kwa pamoja, hiyo ni ishara. Ondoka polepole.

Ndege wa angani nao wana mipaka yao. Mwewe na tai wanaolea makinda huishambulia droni kama adui. Ukimwona anaizunguka, ishushe mara moja.

Droni ikirudi yenyewe inapita wapi?

Hapa kuna jambo ambalo wanaoanza wengi hawalijui.

Droni nyingi zina mpango wa kurudi nyumbani zenyewe betri ikiisha au mawasiliano yakikatika. Inapopaa, inakumbuka mahali ilipotokea. Ikipoteza mawasiliano, hupanda mpaka urefu uliowekwa, kisha hurudi kwa mstari ulionyooka.

Mstari huo haujui mpaka wa shamba. Kama ulizunguka kwa adabu ukalikwepa boma la jirani, droni ikirudi yenyewe inaweza kupita katikati ya boma hilohilo.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, weka urefu wa kurudi uwe juu ya miti na nyaya za umeme za eneo hilo. Pili, chagua mahali pa kupaia kiasi kwamba mstari wa kurudi unabaki juu ya ardhi uliyopewa ruhusa. Na usingoje betri ifike asilimia kumi. Upepo wa kukabili ukiwa mkali, safari ya kurudi inakula betri kuliko ya kwenda.

Ikianguka kwenye shamba la mtu

Itatokea. Usiruke ua kwenda kuichukua.

Sheria ya Kenya kuhusu uvamizi wa ardhi, Sura ya 294, inakataza kuingia kwenye ardhi ya mtu iliyozungushiwa ua au kulimwa bila idhini yake au sababu ya maana. Unaweza kubishana baadaye kwamba droni yako ni sababu ya maana, lakini ubishi huo utakuwa unaufanyia kituoni. Zunguka, nenda mlangoni, piga hodi, omba.

Kama imevunja kigae au imekanyagiwa mahindi ulipoitafuta, sema mwenyewe na ulipe. Usichelewe kuitafuta pia: betri ya lithiamu iliyopasuka inaweza kuwaka, na kwenye nyasi kavu moto hauombi ruhusa.

Na wewe uliye chini?

Droni imesimama juu ya ua wako na hujui ya nani. Usiitupie jiwe, usiipige kombeo. Kuharibu mali ya mtu kwa makusudi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, hata kama mali hiyo imekukera. Halafu ikianguka, inaweza kumwangukia mtoto wako mwenyewe.

Fanya hivi badala yake:

1. Chukua simu, irekodi, na uandike saa na tarehe.

2. Mtafute mrushaji. Kanuni zinamtaka aione droni yake, kwa hiyo hayuko mbali. Angalia uwanja ulio wazi, barabara au kilima cha karibu, na mtu aliyeinamia rimoti.

3. Ongea naye kwa utulivu. Mwulize kama amesajili droni yake, na umwombe akuonyeshe alichorekodi.

4. Akikaidi, au ikirudi tena na tena, peleka habari kwa chifu au polisi, na uiarifu KCAA. Kama video yako imeshawekwa mtandaoni, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Ukiwa na rekodi ya siku tatu tofauti, lalamiko lako lina uzito kuliko maneno matupu.

Ukivuka mpaka

Usajili wa Kenya hauvuki Namanga wala Busia. Tanzania ina mamlaka yake, TCAA, na Uganda ina yake, UCAA, na kila nchi ina vibali vyake. Anayesafiri na droni kwenda likizo aulize kabla ya kufunga mkoba, la sivyo itabaki mpakani.

Lakini pande zote za mpaka, siku inaanza vilevile: mtu anaacha droni kwenye boksi, anatembea mpaka mlangoni kwa mwenye shamba, na anasema hodi.